Kilima Kilichomsubiri Mwenyewe

Kila Mei, nyasi zinapoanza kubadilika rangi kule juu ya nyumba, mimi huwa sisemeshwi. Wajukuu wananijua. Wanaambiana, bibi ameanza, na wananiacha na ukali wangu mpaka kilima kiwe kimechomwa. Si kwamba nina wa kugombana naye. Wa kugombana nao wote wamekwisha kufa. Ni huzuni tu, lakini huzuni yangu tangu utoto hutoka kwa njia ya ukali, na mama mkwe wangu, Mungu ampumzishe, ndiye mtu wa kwanza aliyelitambua hilo bila kuambiwa.

Mimi ni mtu wa milimani, Mmatengo, nimezaliwa juu huko Mbinga kwenye baridi na kahawa. Kwetu nyasi hazichomwi. Nyasi ni chakula cha ardhi. Mvua zikikaribia kuisha wanaume wanafyeka, nyasi zinaachwa zinyauke, kisha zinapangwa chini kwa mistari inayokatana, miraba miraba, na sisi wanawake tunachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunikia. Panabaki shimo na tuta, shimo na tuta, mlima mzima. Hizo ndizo ngoro zetu. Maharage yanakaa juu ya tuta, maji ya mvua yanatulia shimoni, na nyasi zinaozea ndani zinakuwa mbolea. Mtu wa kuchoma nyasi kwetu aliitwa mlevi, na kama hakuwa amelewa, basi aliombewa.

Mume wangu alipanda kuja kwetu kuuza usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, akashuka na mke. Ndivyo nilivyofika ziwani, upande wa Ngumbo, kwenye joto na mihogo, nikiwa sijui hata kuosha usipa. Kulikuwa na nyumba chache tu pale, zimekaa kwenye mdomo wa kijito, na nyuma yake vilima vya miyombo. Mei yangu ya kwanza nilitoka ndani nikakuta kilima kizima kinafuka moshi na watu wamekaa chini wanakitazama, wanapiga soga, mmoja anatafuna muhogo mbichi. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Nikachukua ndoo. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, na kwa muda mrefu baada ya hapo akitaka kunichokoza alikuwa anainua ndoo tupu na kukimbia nayo hatua mbili uani.

Asubuhi yake alinipandisha huko juu kunionyesha. Ardhi ilikuwa nyeusi lakini miti ilikuwa mizima, imeungua gome la chini tu, na katikati ya weusi huo kulikuwa na visiwa vya nyasi mbichi ambavyo moto ulikuwa umevikataa. Akanieleza kwamba kuna moto wa aina mbili. Kuna moto wa Mei, unaowashwa nyasi zikiwa bado na umande miguuni. Huo unatembea, hauruki, unakula majani makavu na vijiti vilivyoanguka, na jioni umande ukishuka unalala wenyewe. Halafu kuna moto wa Oktoba. Huo hauwashwi na mtu mwenye akili. Unaletwa na upepo, unapanda mpaka vichwani mwa miti, na haumwulizi mtu yeyote nyumba hii ni ya nani. Ukimlisha huyu wa Mei, akasema, yule wa Oktoba akija anakuta chungu kitupu, anapita njia.

Akanieleza na jambo la pili, ambalo nililisikia kwa sikio moja. Kila kilima kina ukoo wake, na katika ukoo yupo mtu mmoja wa kuwasha. Makaburi yao yako huko juu. Ukiwasha kilima cha wenzio bila wao, umetangaza kwamba ukoo huo umekwisha, hakuna aliyebaki wa kulinda wazee wake. Ni tusi lisilosameheka. Watu wa ziwa wale ni wapole mno, wanaweza kukaa na njaa kuliko kuomba chumvi kwa jirani mara mbili, na katika jambo hili upole wao ulikuwa mkali kuliko ukali wangu.

Halafu ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Sitaki kuwasema waliotuhamisha. Walikuja na maneno mazuri na mengine yalikuwa ya kweli. Tukapata shule, tukapata zahanati, watoto wangu wanasoma barua zao wenyewe kwa sababu ya kijiji kile. Lakini waliohamisha watu hawakuweza kuhamisha vilima. Sisi tulitolewa mtoni kwetu tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, chini ya kilima ambacho hakikuwa chetu, na wenye kilima hicho walikuwa wamekwisha kutolewa hapo wakapelekwa kijiji kingine, huko juu upande wa Kingerikiti. Kila mtu akawa anaishi chini ya makaburi ya mwingine.

Na kilima kile, sasa, kilikuwa cha kwao mama mkwe. Alizaliwa pale, akaolewa akaondoka, na serikali ikamrudisha akiwa mzee. Siku ya kuhama alianguka kwenye mteremko, amebeba mtungi kichwani ambao alikataa kuupakia kwenye trela la trekta kwa kuwa hakuwaamini wale vijana. Mtungi ulipona. Nyonga yake ilivunjika. Wauguzi wa misheni walimtazama, wakatutazama sisi, wakasema tumpe chakula kizuri. Tangu siku hiyo hakusimama tena. Alikuwa anajisogeza kwa kukaa, anajivuta kwa mikono, mkeka chini yake, na alijua kutania hata hilo. Alisema amekuwa mtumbwi.

Kwa sababu ya kumwuguza tulichelewa kujenga, na waliochelewa walipewa mstari wa mwisho, ule unaogusa kilima. Mlango wetu wa mbele ulitazama ziwa kwa mbali na mlango wa nyuma ulitazama nyasi. Nyasi zenyewe ndefu kunipita, maana mwaka uliotangulia, katika pilikapilika za kuhama, hakuna aliyezichoma. Majani ya miaka miwili, matawi yaliyokatwa na waliojenga, maganda ya miti, vyote viko hapo vinakauka. Kati ya vyote hivyo na mtu asiyeweza kutembea palikuwa na uwanja wa kufagia kwa dakika chache. Mimi niliuona huo uwanja kila asubuhi, na kila asubuhi roho ilikuwa juu.

Mei ikafika. Nikangoja kuona moshi. Hakuna. Nikamwuliza mume wangu, akasema mwenyewe hayupo. Mwenyewe alikuwa mjomba wake, mdogo wake mama mkwe, tumbo moja, ndiye aliyekuwa mtu wa kuwasha wa kilima kile. Nikasema basi aitwe. Akasema ameshatumiwa salamu. Nikauliza kwa nani? Kwa utingo wa lori la kahawa, akasema, na utingo alirudisha jibu kwamba mzee amesema amesikia. Nikasema kusikia siyo kuja. Mume wangu akaniangalia kwa huruma, kama ninavyomwangalia mtoto anayelia akitaka mwezi, akasema mjomba si mtu wa kuitwa mara mbili.

Bwana misitu alikuja na baiskeli yake. Alikuwa kijana wa Tanga huko, mpole, ambaye alifunga Ramadhani yake peke yake katika kijiji kizima cha Waanglikana na sisi Wakatoliki wachache. Akaitisha mkutano akasema maneno yaleyale aliyoniambia mama mkwe, kwamba tuchome mapema nyasi zikiwa na unyevu, tufagie njia pana ya kuzuia moto, tuondoe matawi makavu nyuma ya nyumba. Wanaume walimsikiliza kwa adabu. Walisema ndiyo. Mwenyekiti wa kijiji alimshukuru, watu wakapiga makofi, mtu akampa kuku. Akaondoka ameridhika kabisa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba mwenye kilima hayupo, kwa sababu hayo hayakuwa mambo ya kumwambia mgeni, na yeye, maskini, angejuaje kwamba ndiyo zote zile zilikuwa za kumheshimu tu?

Nilirudi nyumbani ninafoka. Mama mkwe alikuwa kwenye mlango wa nyuma, amekaa kwenye mkeka wake anachambua mchele, anatazama kilima cha baba yake. Nikamwambia, mama, wewe ni mtoto wa hapa. Kaburi la baba yako liko pale juu, ulinionyesha mwenyewe kwa kidole. Kwa nini wewe usiseme neno moja, watu wakawasha, tukalala usingizi?

Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Mdogo wangu yu hai. Nikisema mimi, nitakuwa nimemzika."

Akanifafanulia taratibu, maana alijua mimi ni mtu wa kuja. Neno la kilima analo mmoja. Dada akilitoa, watu watasema kaka amekufa, au amekuwa si mtu tena. Tayari walikuwa wamemwondoa kwake, akasema, wamemweka kwenye vilima vya watu wasiomjua. Amebakiwa na nini? Amebakiwa na hili tu, kwamba huku chini bado wanamngoja. Nikasema, haya, basi nitume mimi nipande lori nikamwite kwa jina lako, na unga kwenye kikapu kama inavyotakiwa. Hapo alinikata kauli. Akasema nisithubutu. Mtu mzima hakumbushwi wajibu wake kama mtoto aliyesahau kufungia mbuzi. Atakuja. Hajawahi kumwacha. Walipokuwa wadogo yeye ndiye alimbeba mgongoni kuvuka mto, na huyo mdogo ndiye aliyemsindikiza siku ya kuolewa akalia kuliko mama yao.

Na akaongeza, akicheka, "Wewe mkwe wangu huna subira."

Juni ikapita. Julai nyasi zikawa za manjano, zinalia zikiguswa. Wanaume walianza kutazama kilima kwa jicho la pembeni na kuzungumza mambo mengine. Sasa hata mwenyewe angekuja asingeweza kuwasha, wakati umepita, moto usingetembea tena, ungeruka. Ndipo nilipochukua nyengo, panga letu la kufyekea, na jembe nikapita mlango wa nyuma.

Nilisema moyoni, kuchoma mmekataa, basi nitazika. Kufyeka hakuna aliyenikataza. Nikaanza pale uwanja wetu unapoishia. Nikakata, nikalaza nyasi kwa mistari, nikakatisha mistari, nikachimba. Udongo wa Julai kule ni mgumu, jembe linarudi usoni, na kwetu kazi ya kufyeka ni ya mwanaume, kwa hiyo nilikuwa mume na mke kwa wakati mmoja. Majirani wa mstari wa mbele walikuja kutazama. Wakauliza kama nataka kupanda kahawa juu ya mawe. Mmoja akasema Mmatengo akikosa mlima ataumba wake. Niliwajibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mama mkwe alijisogeza mpaka kizingitini akawa anasimamia. Hii imepinda, anasema. Hilo shimo dogo, hata kuku hakai. Alipenda sana kazi ile. Nadhani ilimpa kitu cha kutazama mbali na barabara, maana kila lori liliposimama alikuwa anageuza shingo, na likiondoka bila mtu kuteremka alikuwa anasema labda la Ijumaa. Siku nyingine alinyoosha mkono nimpe nyasi, akawa anazifunga matita huku akiniambia za utotoni, walivyokuwa wanafuata moto wa Mei wakiokota panzi waliokaangwa, yeye mbele na mdogo wake nyuma ameshika nguo yake. Mume wangu naye mwishowe aliona aibu, akawa ananisaidia jioni akitoka ziwani, kimya kimya, bila kusema kama anakubali au anakataa. Mpaka Septemba tulikuwa na mkanda wa ngoro nyuma ya nyumba yetu na nyumba ya jirani, mashimo matupu na matuta makavu, hakuna hata jani la kushika moto. Ulikuwa mkanda mwembamba. Kilima kilikuwa kipana.

Moto ulikuja Oktoba, Jumapili, baada ya ibada. Mpaka leo hatujui nani aliwasha. Labda warina asali nyuma ya kilima, labda mtu na sigara yake. Mimi nilikuwa chini ufukweni ninaanua usipa kwenye chanja, mume wangu anatengeneza nyavu. Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Kwanza niliona ndege, wengi, wanaruka kuelekea ziwani, kisha nikaona moshi nyuma ya kilele, na rangi yake haikuwa ile ya Mei. Ulikuwa mweusi chini na mwekundu katikati. Nikatupa ungo. Mume wangu alinipita njiani, na mimi sikuwahi kumwona akikimbia hivyo, kabla wala baada.

Moto ulishuka kilima kwa muda mfupi kuliko ninavyousimulia. Nyasi za miaka miwili, mwenzangu, na matawi yale, na upepo nyuma yake. Nataka kusema jambo moja la haki: ngoro zilifanya kazi. Ulipofika kwenye mkanda wangu moto ulisimama. Ulikosa cha kula ukafa hapohapo kwenye tuta la kwanza, nimeona kwa macho yangu alama ya weusi ilipoishia, imenyooka kama imepigwa kamba. Lakini huko juu ulikuwa mkubwa mno, ukawa unarusha. Vipande vya majani yanayowaka vilipita hewani juu ya matuta yangu yote na kutua juu ya mapaa. Na mapaa yetu yalikuwa nini? Nyasi. Nyasi nilizozika chini nilizizika vizuri sana, na nyasi zilizobaki tulikuwa tunalala chini yake.

Tulipofika mstari wote wa mwisho ulikuwa unawaka. Mlango wa mbele haukuingilika. Mume wangu aliingia hata hivyo, watu wakamvuta, akaingia tena, wakamkalia. Mimi nilizunguka nyuma. Sijui niliwaza nini. Nakumbuka nilikuwa ninamwita, na sauti yangu ilikuwa ya kugomba, kama mtu anayemgombeza mtoto aliyechelewa kurudi.

Alikuwa kwenye ngoro. Alijivuta kutoka ndani, kwa mikono, kupita mlango wa nyuma, kuvuka uwanja, akapanda tuta, Mungu anajua kwa nguvu gani, na kujiangusha kwenye shimo. Lilikuwa lilelile alilosema ni dogo hata kuku hakai. Alikuwa amejikunja humo ndani, amejifunika mkeka. Moto haukumgusa, isipokuwa viganja na upande mmoja wa nywele. Lakini moshi ule wote ulikuwa umepita juu yake, na kifua chake kilikuwa kinatoa sauti kama chungu cha uji.

Tulimlaza kwenye kivuli cha shule. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa pale, na vyombo vyao, na kuku. Hapakuwa na mwingine aliyeumia, ashukuriwe Mungu, kila mwenye miguu alikimbia. Nilimpa maji kwa kitambaa. Alifumbua macho akanitambua, akasema kwa shida, na bado kulikuwa na utani ndani yake, "Shimo lako zuri, mwanangu."

Baadaye akauliza kama lori limepita. Nikasema bado. Alfajiri akafa.

Tulimzika huko juu, kando ya baba yake. Njia nzima ilikuwa majivu, na waliobeba jeneza walishuka weusi mpaka magotini. Mjomba alifika tukiwa bado tumekaa matanga kwenye darasa tulilopewa. Safari hii hakutumiwa utingo, alifuatwa na mwanangu mkubwa, na alikuja siku hiyohiyo, juu ya mizigo ya lori, mzee mwenye miguu myembamba, koti zito la huko juu, kikapu mkononi. Watu walisimama wote. Nilimwamkia shikamoo na sikumpa mkono. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu makaburini, na nilikuwa nimeamua kumwambia mbele za watu.

Sikuyasema. Alikaa chini kwenye mkeka wa marehemu, ule uliomfunika, aliupapasa ulipoungua, na kabla sijafungua kinywa akaniuliza yeye, kwa sauti ndogo, dada alisema nini mwaka mzima huo? Mbona hakuniita?

Akasimulia. Alipoletewa habari na utingo wa lori alifikiri ni maneno ya vijana tu. Hakuona neno la dada yake ndani yake, wala unga, wala mtoto wa nyumbani. Alijua dada anaishi chini ya kilima kilekile, anakiona kila siku. Akajiambia kwamba kama dada hana haraka, basi anajua kitu, pengine ameshawaambia wawashe, na yeye mdogo asiende kuvamia kama mtu anayedhaniwa amesahau na sasa anajitetea. Kila lori lililopanda alikwenda kuliangalia kama limeleta mtoto mwenye kikapu. Mei nzima. Juni nzima.

"Na hata asingeniita," akasema, "angesema tu, washeni. Ni mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni. Mimi ningekasirika na nini?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Basi mimi nikamwambia, si kwa ukali, ukali uliniishia hapohapo na sijui ulikwenda wapi, nikamwambia alichonijibu dada yake siku ile anachambua mchele. Kwamba mdogo wake yu hai. Kwamba akisema yeye, atakuwa amemzika. Nikamwambia na habari ya shimo tulimomkuta.

Mzee hakulia. Aliinuka, akatoka nje, tukamwona anapanda polepole mpaka kwenye kiwanja chetu palipobaki nguzo nyeusi. Akapita huko nyuma kwenye ngoro, akauliza kwa ishara ni lipi, mwanangu akamwonyesha kwa kidole toka mbali. Akashuka ndani ya lile shimo na koti lake akakaa. Kichwa tu ndicho kilichoonekana. Hatukumfuata. Alikaa humo mpaka jua lilipokwenda kwenye ziwa, na hakuna mtu aliyejua la kufanya, kwa hiyo wanawake tukapika.

Mwaka uliofuata alikuja Mei bila kuitwa. Mvua zilikuwa nzuri, na kilima kilikuwa kimeota nyasi mpya, laini, fupi. Nyumba tulikuwa tumejenga mstari wa mbele. Pale nyuma hatukujenga tena, palikuwa na zile ngoro tu, nilizipanda maharage. Alichukua kijinga cha moto jikoni kwangu, akanitaka nipande naye. Umande ulikuwa bado. Tulisimama kando ya kaburi la dada yake na kwa muda mrefu yeye akawa anakipuliza kijinga kisizimike, anatazama kaburi kama mtu anayengoja aambiwe. Nilianza kuchezesha mguu. Sikuweza kujizuia.

Akaniona. Akaninyooshea kijinga.

"Washa wewe," akasema. "Mimi na dada tulijua kusubiri sana."

Nikawasha. Mikono yangu ambayo kwetu ilifundishwa kuzika nyasi ikaziwasha, na moto ukaondoka taratibu miguuni petu, ule wa kutembea, ule alionifundisha mama mkwe. Jioni umande ulishuka, moto ukazimika wenyewe. Nilikaa kwenye mlango nikautazama mpaka mwisho, na mkono wangu ukaenda pembeni kutafuta ndoo tupu ya kuinua, nimchekeshe, na pembeni hapakuwa na mtu.